Debe Thelathini kwa Namba Arobaini na Mbili

Nyawira alimjua Magdalene wa Gachanja kwa mgongo kabla ya kumjua kwa uso. Mgongo mwembamba, gauni la shule limevaliwa nje ndani ili madoa yasionekane Jumatatu, kikapu kimefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, na mikono miwili inayopanda na kushuka kwenye tawi la kahawa bila kupumzika. Walikuwa wamepewa mistari inayofuatana, msichana mbele, Nyawira nyuma na mwanawe Kagwe mgongoni, na mwezi mzima ulipita kabla hawajasemezana zaidi ya habari ya asubuhi.

Mwaka ulikuwa 1957. Shamba lilikuwa upande wa Theta, kati ya Ruiru na Thika, kahawa tupu mpaka jicho linachoka. Wanaume wengi wa kijiji walikuwa kizuizini kwa tuhuma za kula kiapo cha kuwapinga wakoloni, na mume wa Nyawira, Bedan, alikuwa mmoja wao, huko Mwea. Kwa hiyo kahawa ya mzungu ilichumwa na wanawake wa kila namna: Wakikuyu wa kijijini, Waluo ambao waume zao walikata katani, na Waislamu wa Majengo ya Thika walioletwa na lori. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, kila mtu na chake alivyokipata.

Magdalene alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa darasa la nane katika shule moja ya Ruiru. Mama yake alikuwa amefariki siku nyingi. Baba yake, Gachanja, alikuwa kambini. Msichana aliishi na bibi yake Wangeci, aliyemwita cucu kwa Kikuyu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na kichupa cha tumbaku ya kunusa kilichofungwa kwenye pindo la shuka. Ada ya shule hakulipiwa na mtu. Alijilipia mwenyewe. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa mwanafunzi, Jumamosi kutwa alikuwa kibarua, na likizo ikifika alikuwa kibarua siku sita.

Nyawira mwenyewe aliishia darasa la nne, akatolewa aje kulea wadogo zake, na pengine ndiyo sababu alimtazama sana yule msichana. Aliona mambo madogo. Aliona kwamba saa sita, wengine wakienda langoni kununua mandazi ya Mishi, Magdalene alikaa pale pale kwenye mstari akatoa viazi vitamu vya jana kwenye jani la mgomba, akala polepole kana kwamba ni chakula cha arusi. Aliona kwamba penseli ya shule aliikata katikati, nusu moja akaiacha nyumbani, kwa sababu penseli nzima ikipotea unapoteza yote. Aliona kwamba basi la kwenda Ruiru likipita hata hakuligeukia.

Siku moja asubuhi Nyawira alikwenda kwa Wangeci kuomba moto, akamkuta msichana amekaa kwenye kigoda anatunga senti kwenye nyuzi za katani. Zilikuwa zile senti kumi zenye tundu katikati. Nyuzi zilikuwa tatu, moja ndefu, moja ya kiasi, moja fupi.

"Hizo ni shanga za nani, Magdalene?" Nyawira akauliza.

"Ni zangu, mama Kagwe. Huu mrefu ni wa ada. Huu ni wa sabuni, mafuta ya taa na daftari. Na huu mfupi ni wa shida za watu."

"Watu gani?"

"Yeyote. Cucu akiugua. Sadaka ya kanisa. Wewe ukiishiwa na chumvi." Akafunga fundo kwa meno. "Nisipouweka huu, mtu akija na shida nitachomoa kwenye ada. Nimeshachomoa mara mbili, najijua."

"Na shilingi je? Mbona shilingi haina tundu?"

"Nazipeleka dukani kwa Idarous, Ruiru, anivunjie. Shilingi ni nyepesi mno kuitoa. Inatoka mfukoni kabla hujafikiri. Lakini kufungua fundo, uchomoe kumi, kumi, kumi, hapo unapata nafasi ya kuona haya."

Wangeci alikuwa mlangoni akipepeta maharagwe. "Usimsikilize," akasema. "Huyo Idarous amemwambia juzi, 'Binti, wewe utanimalizia matundu yote ya Ruiru.' Na mimi, bibi yake niliyemlea, nikiomba ya tumbaku naambiwa fundo limekaza. Nyumba yangu imekuwa benki, na meneja ndiye huyo."

Magdalene alicheka chini chini, lakini hakufungua fundo.

Nyawira alirudi kwake na kaa lake la moto kwenye kigae, akiwaza. Yeye alikuwa mtu mzima, mke wa mtu, mama wa mtoto, na pesa zake hajui zinakokwenda. Huyu mtoto wa shule anajua senti kumi ya mwezi jana ilikwenda wapi na kwa nini.

Lakini asidhani mtu kwamba msichana alikuwa jiwe. Kamba ya ada ilikuwa na pengo, na pengo lenyewe Nyawira alilijua. Mwezi wa nane barua ilitoka kambini. Gachanja aliuliza binti yake amefikia urefu gani sasa, maana alipochukuliwa alimwacha anafika kwenye kiwiko chake. Magdalene aliisoma ile barua siku mbili. Siku ya tatu akafungua fundo la kamba ndefu, akatoa shilingi nne, akatembea kwa miguu mpaka Thika kwa Mhindi wa picha, akapigwa amesimama karibu na kiti ili baba yake akadirie. Hakuwahi kusema kwamba alijuta. Alisema tu, "Sasa ada ina deni la shilingi nne, na deni hilo ni langu."

Wazo la debe lilimjia mwezi wa kumi, kahawa ilipoanza kuiva kwa wingi.

Vibarua wa Jumamosi walilipwa siku ile ile jioni, senti thelathini kwa debe moja, kila mtu kwa namba yake kwenye kitabu cha karani. Mama akichuma debe sita au saba, anapewa shilingi mbili hivi mkononi. Na nje ya lango la shamba walikuwa wanamngojea: Mishi na mandazi yake, muuza samaki wa kukaanga, muuza tumbaku, mtu wa sukari ya kupimwa kwa kijiko. Mwanamke aliyekuwa juani tangu alfajiri, njaa imemshika, anatoka na shilingi mbili, anafika nyumbani na moja, na hiyo moja inangojewa na mama mkwe.

Magdalene alilitazama lango hilo Jumamosi tatu. Ya nne akasema na wanawake wanne waliokuwa karibu naye mistarini: bibi yake Wangeci, Nyawira, Awiti, mke wa mkata katani, mrefu, mchumaji hodari kuliko wote, na Amida, mjane wa Majengo, mwenye goti bovu na moyo mpole.

"Tusizishike," akawaambia, mikono bado inachuma.

"Tusishike nini?" Awiti akauliza.

"Pesa. Kila Jumamosi mmoja wetu awe na zamu. Sisi wengine, tukipeleka debe kwa karani kupimwa, debe mbili tuseme namba ya mwenye zamu badala ya namba zetu. Yule atakuwa na zake na nane za kuongezewa. Hizo nane hazikupita mikononi mwetu, kwa hiyo langoni hazitatuita."

"Na wewe ukishapata zamu yako utaendelea kutoa, au utakumbuka una masomo?" Awiti alisema kwa mzaha, lakini jicho halikuwa la mzaha.

"Basi msiniweke wa kwanza. Niwekeni wa nne."

Ndivyo walivyopanga. Amida akawa wa kwanza, kwa sababu ya kodi ya chumba. Awiti wa pili, Wangeci wa tatu, Magdalene wa nne. Nyawira alijiweka wa mwisho kwa hiari, akitaka kununua blanketi la mtoto kabla Bedan hajarudi, asije akamkuta mwanawe amefunikwa gunia.

Walipanga hayo yote wakichuma, bila kukaa chini hata mara moja, kwa sababu siku zile watu watano wakikaa pamoja na kutaja pesa, kesho yake wanaulizwa wamekula kiapo gani. Mikutano ilitaka ruhusa. Na Magdalene alisisitiza kitu kimoja: ziwe mbili tu kila mtu. Debe kumi na tano kwa namba moja si ajabu, maana mama wengi walikuja na watoto wao wa kuwasaidia. Zikizidi hapo, mtu ataangalia mara ya pili.

Jumamosi tatu mambo yalikwenda sawa. Amida alilipa kodi. Awiti alinunua sufuria, akaipiga kwa kidole njia nzima kuelekea nyumbani ili kila mtu aisikie. Wangeci alisema amenunua dawa ya macho, na hakuna aliyethubutu kumwomba aionyeshe.

Ikabaki siku moja zamu ya Magdalene ifike. Alikuwa ameipiga hesabu tangu mwanzo: Jumatatu inayofuata ndiyo siku ya mwisho ya ada, naye alibakiwa na zile shilingi nne za picha. Debe kumi na tano zingempa shilingi nne na nusu. Zilitosha, na senti za sabuni juu.

Ijumaa hiyo mwalimu mkuu akasimama mbele ya darasa la nane, akasema kuna shilingi tano za mtihani. Zilipwe Jumatatu pamoja na ada iliyobaki. Asiyemaliza arudi nyumbani, na mtihani utafanywa bila yeye.

Magdalene hakumwambia mtu ila bibi yake, na Wangeci hakuweza kukaa na neno moyoni hata kwa dawa. Asubuhi ya Jumamosi, msichana akiwa ametangulia mbele njiani, alimshika Nyawira mkono.

"Anataka kuuza sweta," akasema. "Sweta lile la kijani, na mvua hizi. Anasema kuna msichana shuleni amelitamani. Na kuku wangu pia amemtazama kwa jicho baya."

"Anahitaji ngapi, cucu?"

"Tisa zote pamoja."

Nyawira alipiga hesabu akitembea. Darasa la nne lilimwachia hesabu, asante Mungu. Shilingi tisa ni debe thelathini. Wao watano, kahawa imeiva hivi, wanaweza kufika thelathini wakijikaza. Wanaweza, lakini kama hakuna anayebakiza hata moja kwa jina lake.

Akapita mstari hadi mstari, akinong'ona.

"Zote?" Awiti akasema. "Na mboga ya leo?"

"Leo tutakula ya jana."

Awiti alitazama mbele, kwenye ule mgongo mwembamba uliokuwa umeshaanza kazi. "Mimi sina binti aliyefika hata darasa la pili," akasema. "Haya, zote. Lakini asijue, atakataa. Nakijua kichwa chake."

Amida akasema, "Goti linaniuma, sijui kama nitapita tano. Zichukue hizo tano."

Walichuma siku ile kama watu wanaofukuzwa. Mtoto Kagwe alilala mgongoni, akaamka, akanyonya wakati mama yake mkono mmoja uko tawini, akalala tena. Kila mmoja alipofika penye kupimia, karani aliinamia kitabu chake, akasikia "arobaini na mbili," namba ya Magdalene, akapiga mstari, akaita mwingine. Foleni ilikuwa ndefu, naye hakuinua uso. Nyawira alipeleka debe yake ya tatu na ya mwisho jua likiegemea, na kwa hesabu yake hiyo ilikuwa ya thelathini kamili. Alisikia furaha ya siri, kama mtu aliyeficha zawadi.

Hakuna hata mmoja wao aliyekifikiria kitabu.

Karani aliitwa Kaleli, Mkamba wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga wa makosa, basi. Jioni aliketi kwenye meza yake nje ya stoo, sanduku la pesa karibu naye, akaanza kuita namba.

"Kumi na saba."

Wangeci akasogea.

"Kumi na saba, hakuna kitu," Kaleli akasema.

"Haya," Wangeci akajibu, akaondoka.

Kaleli akamfuata kwa macho. Bibi huyu aliwahi kugombana naye robo saa kwa sababu ya nusu debe. Leo anaambiwa hana kitu, anasema haya. Akaendelea kuita, polepole zaidi. Thelathini na tatu, Awiti, hakuna kitu. Awiti, ambaye hajawahi kushuka chini ya saba. Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Arobaini na mbili."

Magdalene akaenda mezani.

"Debe thelathini," Kaleli akasoma.

Nyawira alikuwa kwenye foleni, watu sita nyuma. Aliuona ule mgongo aliouzoea ukisimama wima ghafla. Hapo ndipo alipoelewa alichofanya.

"Una mikono mingapi wewe?" Kaleli akauliza. "Au mingine umeiacha shuleni?"

Foleni ikacheka. Magdalene hakucheka.

"Mwanamume mzima hachumi thelathini," karani akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya chini. "Mzungu akiliona hili, atasema nini? Atasema karani na msichana wanagawana. Mimi nina watoto watano Machakos. Hizi debe ni za nani? Kuna chama hapa? Nani amewapa ruhusa?"

Kicheko kikakatika. Neno chama, mwaka ule, halikuwa neno la kuchezea. Watu wakaanza kutazama miguu yao.

"Zangu ni saba," Magdalene akasema.

"Na hizi ishirini na tatu?"

"Hizo sikuchuma. Niandikie saba."

"Nani alizichuma?"

"Yangu nimeshakuambia, karani. Niandikie saba."

Aliyasema bila kiburi, kama mtu anayejibu swali darasani. Nyawira alipiga hesabu bila kutaka: saba ni shilingi mbili na senti kumi. Na tisa zinahitajika. Msichana alijua hilo kuliko mtu yeyote pale, na hakugeuka nyuma hata mara moja kuwatafuta wanawake wake kwa macho, kwa sababu angegeuka, Kaleli angefuata macho hayo.

"Nitazifuta basi," Kaleli akasema. "Hizi ishirini na tatu zitakuwa za mzungu."

Akachovya kalamu.

Nyawira alisimama na mtoto mgongoni. Jina la Bedan lilikuwa kwenye orodha ya watakaorudishwa kabla ya Krismasi, hivyo ndivyo alivyosikia. Mke akiandikwa kwenye kosa, nani anajua orodha hiyo itafanywa nini. Lakini aliiona ncha ya kalamu, na aliuona ule mgongo, akajikuta ameshapita watu sita.

"Tatu ni zangu," akasema. "Mimi ni sitini na moja."

Kaleli akainua uso. "Kwa nini ziko kwa huyu?"

"Mimi niliitaja namba yake. Ni ada ya shule. Hana wa kumlipia."

"Hukujua ni makosa?"

"Nilijua ni debe zangu, karani. Sikujua kumpa mtu changu ni makosa. Huyu mwenyewe hakujua lolote, muulize."

Hakuhitaji kumuuliza. Mtu yeyote angeuona uso wa Magdalene. Kalamu ya karani ikadondosha wino.

"Kama ni kuandika, andika upesi," sauti ya Wangeci ikasikika kutoka nyuma. "Saba ni zangu, usipunguze hata punje. Kumi na saba. Unaijua sura yangu."

"Thelathini na tatu," Awiti akasema, akija na hatua zake ndefu. "Nane. Na ukiandika saba nitalala hapa."

Amida alikuja wa mwisho kwa sababu ya goti. "Tano, mwanangu," akasema. "Tano tu, nisamehe."

Kaleli akajumlisha. Saba, tatu, saba, nane, tano. Akajumlisha tena. Ilikuwa thelathini, si zaidi, si pungufu, na Nyawira aliona mabega yake yakishuka. Kitabu kikilingana na kahawa iliyomo stoo, mzungu hana la kumuuliza.

"Kila mtu kwa namba yake," akasema, akipiga mistari mipya. "Na mchezo huu nisiuone tena. Ukitaka kumpa mtu, mpe pesa yako huko nje. Humu ndani mimi nahesabu watu, sihesabu mapenzi."

Akawalipa mmoja mmoja. Pesa zikaingia mikononi mwao, jambo ambalo Magdalene alikuwa amefanya juu chini wiki nne lisitokee.

Kutoka mezani mpaka langoni ni hatua mia mbili hivi. Magdalene alitangulia, na Nyawira aliona shingo yake imekaza.

"Nani aliwaambia?" msichana akauliza mwishowe.

Wangeci akatazama mbinguni kama anayekagua mvua.

"Mimi ndiye niliyesema zote," Nyawira akajibu. "Uliniambia mbili, nikazidisha. Nisamehe. Kidogo nikuharibie."

"Nilikuwa nimepanga, mama Kagwe. Nilikuwa na sweta."

"Na mvua je?" Awiti akasema. "Ungejifunika hesabu?"

Wakafika langoni. Harufu ya mandazi ya moto ikawapokea, na samaki alikuwa anakaangwa, mafuta yanalia. Tangu asubuhi walikuwa wamekula viazi baridi. Nyawira aliona macho ya Awiti yakienda kwenye mandazi, yakakaa hapo, na mkono wenye shilingi mbili na senti arobaini ukajikunja na kukunjuka.

"Mishi," Awiti akamwambia muuza mandazi, "funika sufuria yako, unanisumbua." Akageuka, akamshika Magdalene mkono, akazitia zote. "Haya, kabla sijabadilika."

"Awiti, makubaliano yalikuwa debe," Magdalene akasema. "Debe zimeandikwa kwenu. Pesa ni zenu."

"Mtoto," Amida akasema, akifungua kona ya leso, "leo si siku ya kutufundisha. Chukua." Akatoa shilingi moja na nusu.

Nyawira akatoa senti zake tisini. Zilikuwa kidogo kuliko za wengine wote, na aliona haya, lakini Magdalene alizipokea kwa mikono miwili kama alivyozipokea zile za Awiti.

Wangeci hakuwa pamoja nao. Walimwona kwa muuza tumbaku, amewapa mgongo. Alipomaliza alikuja akifunga pindo la shuka, akampa mjukuu wake shilingi mbili.

"Ulipewa mbili na kumi, cucu," Magdalene akasema.

"Kumi imekwenda kazini," Wangeci akajibu. "Nimesimama mbele ya Mkamba na kitabu chake, moyo ukitaka kutoka. Nilikuwa nife bila tumbaku?"

Awiti ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Amida, na mwisho Magdalene naye, mpaka akalazimika kukaa chini. Nyawira alikuwa hajawahi kumwona akicheka kwa sauti. Alionekana mtoto, kama alivyokuwa.

Shilingi nane na senti tisini. Msichana akasema ile kumi ataichomoa kwenye kamba fupi, kwani kama hiyo si shida ya mtu, basi hajui shida ni nini.

Walipoagana Magdalene alimvuta Nyawira nyuma kidogo. "Jumamosi ijayo ni yako," akasema. "Tutafanya hivi hivi, hapa langoni, kila mtu na pesa mkononi. Nilidhani watu wakishika pesa hawawezi. Nilikosea hesabu."

Jumatatu Nyawira alichuma kwenye mistari iliyo karibu na barabara. Aliomba mwenyewe apelekwe huko, na nyapara hakuuliza sababu. Watoto wanaorudishwa kwa ajili ya ada hupita hapo wakitoka Ruiru, na hupita mapema, kabla ya saa nne.

Wa kwanza kupita walikuwa wavulana wawili wakipiga jiwe kwa miguu. Kisha mvulana mmoja mkubwa, peke yake, vitabu chini ya kwapa, uso ameufunga. Kisha kimya kirefu. Kisha akatokea msichana mwembamba mwenye gauni la shule, mbali kwenye kona, na mikono ya Nyawira ikasimama juu ya tawi. Msichana akakaribia. Hakuwa yeye. Alikuwa mdogo zaidi, analia na kujifuta kwa mkono, na Nyawira alimhurumia, na huruma yake ilichanganyika na shukrani mpaka akaona haya mbele za Mungu.

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Lori la Thika likaenda na kurudi. Mtoto Kagwe aliamka, akanyonyeshwa, akalala. Hakuna mtu mwingine aliyetokea kwenye ile kona.

"Hajarudi," Nyawira akasema.

Wangeci alikuwa mstari wa pili, ameinama. Siku hiyo hakuwa amesema neno tangu asubuhi, na kwa Wangeci hilo lilikuwa jambo la kuandikwa.

"Arudi kufanya nini huku?" akajibu bila kuinuka. "Mtihani si wake?"

Akachuma tawi zima mpaka likabaki majani matupu, akahamia lingine.